Mlango wa Nyuma ya Kisima

Jirani yangu ni fundi wa kufuli, na mlango mmoja tu ndio uliomshinda: ule ulio nyuma ya kisima katika gemu anayoicheza kila akitoka kazini. Duniani kote hakuna aliyewahi kuufungua, na wengi wanasema ni pambo tu. Ukimwambia hivyo ananuna. "Nani atatoboa tundu la ufunguo kwenye pambo?" Hukaa ukingoni mwa kochi na ovaroli lake, vidole vyenye grisi vikibonyeza rimoti polepole, sikio kalitega kwenye televisheni kana kwamba atasikia chuma kikilegea. Mlango wa choo chake mwenyewe, wakati huo, unafungwa kwa ndani kwa kamba, na mkewe alishachoka kusema.

Jana nilimkuta ameweka rimoti chini, anautazama tu ule mlango. Akakohoa kidogo, akasema kwa adabu, "Hodi."

Tukasubiri.

"Karibu," ikajibu sauti ya kike, na fundi akaruka kutoka kwenye kochi. Alikuwa mkewe, chooni. "Nipitishie kisu chini ya mlango. Kamba imekaza."