Kaseti ya Dada Wanne

Nichekeni, lakini taratibu. Miaka ya tisini nilipiga muziki kwenye harusi Malolo. Mjomba wa bibi harusi, mwalimu kutoka Nachingwea, alikuwa anatafuta mpigaji muziki wa mahafali ya shule yake, nami niliitaka sana kazi ile.

Nikatoa kaseti yangu mpya ya Kizungu. Kwenye ganda kulikuwa na wanawake wanne: wa nywele ndefu, wa kipara, mzee mwenye miwani na binti wa picha isiyo na rangi. Kiingereza sisomi, shule niliishia darasa la tano. Nikajua hawa ni dada, wanapokezana kuimba. Sauti zilifanana, lakini si ndugu? Na yule asiye na rangi, nikajua keshafariki.

Nikashika kipaza sauti: "Wimbo huu kaimba marehemu, mdogo wao. Tusimame dakika moja!"

Wakasimama wote, hata bwana harusi. Bibi mmoja akalia.

Mwalimu akaja mezani, akasoma ganda.

"Bwana mdogo, hizi ni nyimbo bora za mwimbaji mmoja, tangu usichana wake."

"Sasa marehemu, mwalimu?"

Akagusa yule mwenye miwani. "Huyu hapa, kazeeka."

Kipaza sauti nilikuwa sijakizima.