Majina Yaliyobaki Ndani ya Kompyuta

Ipo Jumatano moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka siwezi kukaa nikatulia. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, naishi mtaa wa Tuwan, na nina kibanda cha kupiga chapa mjini Kitale. Nilikuwa na kompyuta moja na printa moja, na kwa miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili hilo lilitosha kunivimbisha kichwa.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Mzee Situma, mwalimu mstaafu wa Kamukuywa. Macho yalikuwa yamemwishia, lakini kumbukumbu yake ilikuwa nzima. Kila Jumatano alikuja akaketi kando yangu, akanitajia ukoo wake mzima kutoka kichwani, nani alimzaa nani na nani alihamia wapi, nami nikapiga chapa. Mpwa wake alikuwa amebakisha wiki chache tu kumwoa msichana wa damu yao bila kujua, na mzee alitaka jambo hilo lisirudi tena. Alinisisitizia hasa mabinti walioolewa mbali.

"Hao ndio watu husahau," aliniambia. "Na watoto wao ndio hukutana shuleni wakapendana."

Kila alipoinuka kwenda aliniuliza swali lile lile. "Binti, umeiweka pia mahali pengine?"

"Iko kwa flopi, baba," nikamjibu.

Haikuwa kwa flopi, ile diski ndogo ya plastiki tuliyohifadhia kazi siku hizo. Mara ya kwanza nilikusudia kweli kuiweka jioni ile. Mara ya pili niliudhika, ati mzee asiyeiona hata skrini anifunze kazi yangu. Baada ya hapo uongo ule ulinitoka mdomoni kama salamu.

Kisha Jumatatu moja stima ikapotea, ikarudi kwa nguvu, na kompyuta ikazimika. Nilipoiwasha, skrini ilibaki nyeusi, na juu yake mistari miwili ya maandishi meupe. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaipiga ubavuni kama watu wanavyopiga redio. Siku nzima sikufanya kitu kingine.

Jumatano mzee hakuja. Alikuja binti yake, Nasimiyu, aliyezoea kumleta kwa mkono, macho yamevimba. Baba yake alikuwa amepatwa na kiharusi. Upande mmoja ulikuwa umelala, na sauti imepotea kabisa.

"Anafanya mkono hivi tu, kama mtu anaandika," akasema. "Tumeelewa anataka asomewe ile kazi yake. Si unitolee tu hiyo ya flopi?"

"Kesho," nikasema.

Kesho yake nikasema kesho tena. Mwanangu, nilikula nikiwa nimesimama wiki ile. Nilianza kufagia nikaacha ufagio katikati ya chumba. Ijumaa nikaazima sidii ya kuweka programu upya kutoka kwa jirani. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika, maana vilivyomo vitafutwa. Nilikuwa na haraka ya kuona kitu kinasonga, nikabonyeza. Mstari wa manjano ukaanza kujaa polepole. Ulikuwa umefika karibu robo ndipo akili iliponirudia. Nikang'oa waya ukutani.

Nikalifunga kasha la kompyuta kwa leso, nikaenda nalo Bungoma kwa fundi Hamisi, mzee mtaratibu aliyekuwa na karakana nyuma ya msikiti. Hakugusa kitu kwanza. Aliniangalia.

"Umeifanyia nini tangu iharibike?"

"Sijaifanyia kitu."

"Dada, mimi si polisi. Nikijua ulichofanya, najua pa kutafuta. Ukinificha, nitaimalizia kuiua."

Nikamwambia yote: sidii, mstari wa manjano, hata flopi ambayo haikuwahi kuwepo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Stima haikuua kazi ya huyo mzee," akasema. "Ilikuwa hai ndani, mlango tu ndio ulikuwa umekwama. Wewe ndio umeingia na jembe, bana. Ungeiacha vile ilivyokuwa ungekuta kila kitu."

Akafungua kasha, akatoa diski, kile kisanduku cha chuma kinachoweka kazi yote, akaiunganisha na kompyuta yake iliyo nzima ili isomwe kutoka huko. Hesabu ya utafutaji ikaanza kupanda, moja, mbili, tatu kwa mia. Adhana ya alasiri ikaita.

"Naenda kuswali. Usiguse."

Nilikalia mikono yangu, mwanangu, kweli kabisa, niliikalia. Kila hesabu ilipokwama nilitamani kubonyeza kitufe chochote. Niliinuka nikaketi mara sijui ngapi. Aliporudi alinikuta ningali nimeikalia, sikuwa nimegusa kitu.

Kazi ile ilichukua siku mbili, nami nikalala kwa binamu yangu pale Bungoma. Faili zilirudi zimepoteza majina yake, ikabidi tuzifungue moja moja. Tulipata sehemu kumi na moja kati ya kumi na mbili. Iliyokosekana ilikuwa ya mabinti.

Nilienda Kamukuywa na karatasi zangu, nikasema ukweli mbele ya kitanda cha mzee. Nasimiyu alisimama.

"Ulimwambia baba iko kwa flopi! Nilikusikia kwa masikio yangu!"

Mzee alifumba macho, na chozi likamtoka upande ule uliolala. Baada ya muda akainua mkono wake mzima, akaugonga juu ya karatasi, kumaanisha nisome. Nikasoma mpaka koo likakauka.

Kesho yake mimi na Nasimiyu tulienda Malakisi kwa dada wa mzee, shangazi wa Nasimiyu, tukaandika kila binti aliyemkumbuka. Tukarudi nikamsomea mzee, mkono wake ndani ya wangu. Jina likiwa sawa aliubana. Likiwa si sawa alitikisa kichwa. Tulikwenda vizuri mpaka tukafika kwa binti mmoja aliyeolewa ng'ambo ya Mlima Elgon, ambaye shangazi hakuwa na hakika na jina lake. Kila jina nililojaribu, alitikisa kichwa. Mdomo wake ulihangaika kulitoa, sauti ya hewa tu ikaja. Tulijaribu siku tatu. Wiki iliyofuata akafariki.

Kitabu cha ukoo wao kipo, nami ndiye niliyekichapa. Katika orodha ya mabinti pana mstari mmoja mtupu. Watoto wa mama huyo wako mahali fulani, na hakuna anayewajua.

Kwa hiyo nakwambia, mwanangu. Ukikabidhiwa kazi ya mtu, iweke mahali pawili siku hiyo hiyo, kabla hujanawa mikono ule. Usiseme umefanya jambo ambalo unakusudia tu kulifanya. Kitu kikiharibika mikononi mwako, kiache, umtafute anayekijua, na umweleze ulichofanya bila kupunguza. Mimi niliona aibu ya dakika moja ni kubwa mno kuibeba, nikaishia kubeba nyingine ya maisha yangu yote.

Mungu akupe mikono mitulivu na ulimi usiokimbia ukweli, na watu wanaokuamini wasijute kamwe.