Dirisha la Chumba cha Eda

Kazi yangu ni hewa. Nikisema hivyo watu hucheka: hewa nayo ina kazi? Ina kazi, tena kubwa. Ninapita madarasani, zahanati na maofisini na kipima hewa changu, kidude cha kutosha kiganjani, kinachonionyesha watu wamevutiana pumzi kiasi gani. Maana maradhi mengine hayapigi hodi. Mtu anakohoa pembe ile, wewe unaumwa pembe hii. Miaka yote nimewaambia wakubwa serikalini neno moja: fungueni madirisha. Na wakubwa, alhamdulillahi, walikuwa wameanza kusikia. Nyumbani ndiko nilikoshindwa.

Dada yangu alifiwa na mumewe, akakaa eda chumbani kwake, Mji Mkongwe, ghorofa ya juu. Pumu alikuwa nayo tangu utoto wetu. Dirisha la chumba kile linatazamana na la jirani, na kichochoro ni chembamba hata watu hupokezana chumvi. Zamani lilikuwa na mbao za kulala, hewa inapita, jicho halipiti. Marehemu shemeji akaling'oa, akatia kioo na alumini ili baridi ya kiyoyozi isipotee. Mbao nikazichukua mimi, zikakaa uani kwangu Mpendae. Sasa kioo kile kikifunguliwa, kizuka, yaani mjane aliye edani, anaonekana na wanaume wa nyumba ya pili, na haifai. Kwa hiyo kikafungwa, na pazia juu yake, kiyoyozi kikizungusha hewa ile ile.

Wanawake wenzangu wakaja kumhani makundi kwa makundi, Mungu awalipe. Lakini mafua yalikuwa yamezagaa mjini, na chetezo cha ubani hakikupoa. Kwetu chumba kikinukia, basi hewa ni safi. Nilipoweka kipima hewa juu ya kabati, namba zilipanda hata nilitaka kulia.

"Mama mkubwa, tufungue kidogo tu," nikamwambia dada wa mama yetu, aliyekuwa akisimamia eda.

"Mwanangu, nshakwambia. Unataka kizuka aonekane? Hebu niondolee kidude chako hapo, kinatisha wageni."

Nikapandisha sauti. Nina hasira za karibu, najijua. "Heshima gani hii ya kumzika mtu angali hai?"

Dada akanishika mkono, akacheka, kifua kikimpiga filimbi. "Wacha, mdogo wangu. Mwenyewe sitaki kuonekana. Zilete basi zile mbao zako, na mie nivute hewa ya heshima."

Ee, mimi na elimu yangu yote sikuwa nimezifikiria! Hata mama mkubwa akaridhika. Tukapatana na seremala azirudishe Jumamosi, maana Ijumaa kulikuwa na hitima ya marehemu.

Ijumaa ile nilikuwa mkutanoni, ninawasomea wakubwa mwongozo wa hewa kwa majengo ya umma. Wakaupitisha. Walikuwa wakipiga makofi simu iliponijia. Mafua yalimshukia dada tangu alfajiri, naye hakutaka kuvunja shughuli ya mumewe. Chumba kikajaa watu, ubani ukafuka, pumzi zikamkatika, na dawa yake ya kuvuta haikumfaa kitu. Wakamshusha kwa ngazi za wima, eda haikumbukwi tena. Hospitali hakufika. Ya Rabi, dada yangu hakufika.

Nilipopanda chumbani, walikuwa wameshamrudisha, wamemlaza kitandani. Pazia lilikuwa chini, limeng'olewa. Mama mkubwa alisimama dirishani, amekishikilia kioo kwa mikono miwili kisijifunge.

"Nimefungua, mwanangu," akaniambia. "Tazama, nimefungua. Hewa inaingia."

Nilimchukia, na nilimwonea huruma, vyote kwa pamoja.

Waoshaji wakaingia na maji. Kwenye nyumba ya pili wanaume walikuwa wamekusanyika kungojea jeneza, na dirisha lao li wazi. Mwoshaji mmoja akaomba kwa upole tufunge letu.

"Halifungwi!" mama mkubwa akalia kama mtoto. "Halifungwi tena hili!"

Lakini dada yangu hakutaka kuonekana. Nikambandua mama mkubwa vidole, kimoja kimoja, nikavuta kioo mpaka mwisho, nikatundika kanga yangu mahali pa pazia. Kisha nikakunja mikono ya nguo, tukaanza kumwosha.