Bodi Iliyotundikwa Msumarini

"Shangazi, kama imekufa, mbona huitupi?"

Nilikuwa darasa la nne nilipomuuliza hivyo, nikiinyooshea kidole bodi ya kijani ya kielektroniki, ndogo kama kiganja, iliyoning'inia kwenye msumari juu ya meza yake ya kazi. Shangazi hakuinua macho. "Kuna vikombe vinakungoja jikoni," akasema. Vikombe vyenyewe nilikuwa nimeshaviosha.

Shangazi ni fundi wa redio na televisheni. Watu humwita Daktari, kwa sababu huinamisha sikio kwenye spika kabla hajashika bisibisi, na mara nyingi ugonjwa anaujua hapo hapo.

Ile bodi ililetwa na kijana wa chuo cha ufundi, jirani yetu. Ndiyo iliyoendesha mtambo wake wa kumwagilia miche, kazi ya mtihani wa mwisho. Alikuwa amegeuza nyaya za umeme, chipu ikaungua, na chipu ndiyo akili ya bodi nzima. Shangazi akamcheka kidogo. "Hii ni kung'oa jino na kupachika jingine. Njoo kesho."

Akatafuta chipu mpya yenye namba ileile, akaipachika, miguu yote ishirini na minane. Taa ya umeme ikawaka. Lakini kila mara kijana alipotuma programu kutoka kwenye kompyuta yake, bodi ilikaa kimya. Shangazi akapima umeme kwa mita: upo. Akatazama kidoti cha kuonyesha upande wa chipu kama kimeelekea panapotakiwa: sawa. Akaichomoa, akasafisha miguu, akairudisha. Siku mbili nzima. Wateja wakipita wanamtania, "Daktari, mgonjwa hajaamka tu?" Siku ya tatu akamwambia kijana, "Uliichoma bodi yote. Imekufa."

Kijana akaomba radhi kwa usumbufu. Bodi akaiacha, eti itafaa kwa vipuri. Akaenda kwenye mtihani mikono mitupu, akafeli, na chuoni hakurudi tena. Siku hizi anakata vioo kwenye duka linalotazamana na la shangazi. Kila asubuhi huvuka barabara: "Shikamoo, Daktari." Shangazi huitika marahaba huku akiangalia vidole vyake mwenyewe. Mimi nilidhani ni upole.

Mwaka huu niko kidato cha tatu. Mwalimu wa klabu yetu ya kompyuta alitwambia jambo lililonifanya nisahau kuandika: chipu ya aina ile hutoka kiwandani tupu. Ukiipachika hivyo hivyo itapata umeme, lakini kompyuta haitaisikia, mpaka kwanza, kupitia bodi nyingine iliyo nzima, uitilie programu ndogo ya kuiwezesha kupokea nyingine. Kwenye redio, kipuri kikiwa na namba ileile, kazi imekwisha. Kwenye chipu hii namba peke yake haitoshi.

Jumamosi nikaazima bodi ya klabu na nyaya sita, nikaishusha ile ya msumarini mbele ya wateja wawili. Nikaziunganisha, nikaitilia programu ya kuanzia, halafu nyingine ya kuwasha na kuzima taa. Taa ndogo ikaanza kukonyeza.

"Shangazi, iko hai," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

"Daktari," mteja mmoja akasema, "maiti yako imekohoa." Wakacheka wote wawili.

Shangazi hakucheka. Wala hakushangaa, na hapo ndipo nilipotamani kuyameza maneno yangu. Aliwahudumia wale wateja mpaka wakaondoka, kisha akaichukua bodi na kuifuta vumbi kwa upindo wa gauni lake, taratibu, kona moja baada ya nyingine. Ng'ambo ya barabara kioo kilikuwa kinakatwa, mlio mwembamba ukitufikia.

"Uliniuliza mbona siitupi," akasema. "Haya uliyonionyesha, muuza vipuri alinieleza wiki mbili baada ya mtihani wa yule kijana. Ningekwenda chuoni nikawaambia kosa ni langu, huenda wangemrudisha. Nikaona watu watasema Daktari kazi haijui. Nikasema nitamwambia kesho. Basi ikakaa hapo msumarini, kila siku nitamwambia kesho. Nishikie duka, mwanangu, nivuke."