Fundi Sponji Ajibu Dodoso

Mtaani walimwita Sponji kwa sababu alikuwa fundi makochi, na hukumkuta hata siku moja bila vipande vya sponji kwenye nywele. Kochi lililobonyea katikati kama karai, yeye alilirudishia uhai mpaka likamrusha aliyelikalia. Ucheshi alikuwa nao tangu utotoni, ila mwaka ule ucheshi wenyewe ulibadilisha gia.

Alianza kwa kuacha kulala. Usingizi haukumkataa, yeye ndiye aliyeona hauna faida. Akanunua majora ya mahameli ya zambarau, na viti vya wateja vilipokwisha akaanza kuvalisha chochote kilichokaa kimya: redio, kiti cha baiskeli ya jirani, mfuniko wa choo. Mumewe, dereva wa lori, alirudi kutoka safari akakuta mlango wa mbele umevikwa sponji na mahameli, na vifungo juu.

"Sasa mke wangu, watu wabishe hodi wapi?"

"Hodi ya nini? Waukumbatie!"

Mume alicheka mpaka akajishika mbavu. Halafu akamtazama vizuri mkewe, alivyokonda, macho yanavyowaka, kicheko kikamkauka. Akampigia simu dada yake, ambaye hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Wifi," dada mtu alisema alipofika, "twende kliniki. Hulali."

"Twende! Nimeota nafungua kiwanda, huenda daktari akataka kuwa mshirika."

"Umeota saa ngapi, na wewe hulali?"

Kliniki, kabla hajaitwa, Sponji alishapindua benchi miguu juu akiwaonyesha wagonjwa wenzake jinsi misumari ilivyopigiliwa kivivu. Mzee mmoja aliyekuja na jino alicheka mpaka akasahau lipi lilikuwa linamuuma. Nesi akamvuta ofisini, wifi nyuma yao, akampa dodoso.

"Huu si mtihani, mama. Ni maswali tu kuhusu unavyojisikia na ulivyowahi kujisikia. Unajijazia mwenyewe, ndiyo au hapana."

Sponji alisoma kwa sauti, kama mtangazaji wa mpira. "Je, umewahi kuwa na kipindi cha kuongea sana au haraka kuliko kawaida yako? Hapana!" Kisha akaeleza kwa nini ni hapana. Alianzia kwa bibi yake, akapitia aina zote za sponji na tabia zake, akaibukia kwenye kiwanda, mpaka nesi mwenyewe akawa hakumbuki swali.

"Je, mawazo yamewahi kukimbizana kichwani? Hapana. Ya kwangu yanatoka pamoja, kama watoto kengele ikilia."

Wifi alijifunika uso kwa mkoba.

"Je, umewahi kulala kidogo sana na usichoke? Huo si ugonjwa, nesi, hicho ni kipaji. Hapana!"

Nesi alipokea karatasi iliyojaa hapana. Hakukasirika. "Mama, mtu akiwa juu hivi mara nyingi hajioni. Ukiniruhusu, nimuulize na wifi yako."

"Muulize! Atakwambia mimi ni buheri wa afya."

"Wifi, nakupenda," wifi alisema, "lakini umeuvisha mlango nguo."

"Ulikuwa unasikia baridi."

Basi hapo wote watatu wakapasuka. Nesi alifuta machozi kwa mkono wa gauni lake. Kila akijaribu kuuliza swali, akiona midomo ya Sponji inacheza, anaanza kucheka upya. Wifi ndiye aliyenyamaza kwanza.

"Na mwaka juzi je? Ulipolala umegeukia ukuta, hata mkasi ukakushinda kuushika?"

"Ile ilikuwa homa."

"Homa gani wifi yangu, inayomfanya mtu aombe radhi kwa kuwa hai?"

Maneno yale Sponji aliyasema kweli, na alidhani hakuna aliyeyasikia. Akaomba karatasi nyingine. Safari hii, kila alipokuwa hana hakika, alimgeukia wifi yake, naye wifi akamjibu taratibu.

"Karatasi hii ni chekeche tu," nesi alimwambia. "Inatuonyesha nani akae na daktari. Hata ikijaa ndiyo, haijasema unaumwa nini."

Daktari alikaa naye sana, akamwita mume pia, akapima na damu, akamtaka arudi. Mwishowe akasema ni baipola, hali ya moyo kupanda kupita kiasi na kushuka kupita kiasi.

"Mtaninyang'anya kicheko changu?" Sponji aliuliza. Hilo ndilo pekee lililomtisha.

"Kicheko baki nacho. Sisi tunataka usingizi urudi, na ile ya mwaka juzi isirudi."

Dawa hazikumpokea kwa upole. Mikono ilitetemeka, sindano ya kushonea ikamkataa, akamtukana daktari kuanzia nyumbani mpaka kliniki, kisha akamweleza ana kwa ana na dawa zikarekebishwa. Polepole akaanza kulala, na kuamka akiwa na njaa. Usingizi ukipungua, humwambia wifi kabla wifi hajauliza.

Majuzi walikuwa wanapandisha kochi ghorofani kwa mteja, likakwama kwenye kona ya ngazi, mume akabanwa nyuma yake.

"Sukuma!" Sponji aliita.

"Nisukume nini, wakati mimi na ukuta tumeshakuwa kitu kimoja?"

Wifi akakaa chini ya ngazi, hoi kwa kicheko. Mteja akachungulia kutoka juu. "Fundi, kochi langu linafika lini?"

Sponji alishaketi juu yake, kifua kikipanda na kushuka, miguu ikining'inia. "Limeshafika, mama," akasema. "Shuka tu uje ulikalie."