Kimya Nilichokikata

Mume wa shangazi yangu alizikwa Jumanne, na Alhamisi yake baba akanipigia simu nikiwa chumbani kwangu Kisauni.

"Nenda Changamwe ukakae na shangazi yako mpaka atoke eda," alisema. "Nyumba ile haina mwanamume hata wa kutumwa dukani."

Sikuwa na kazi ya kunishika. Nilikuwa na riwaya isiyoisha, na akaunti ya mtandaoni yenye wafuasi mia tatu na kitu, wengi wao waandishi wenzangu ambao nao walikuwa na riwaya zisizoisha. Nikatia nguo begini, nikachukua na kigoda changu cha kusimamishia simu, nikaenda.

Miezi minne na siku kumi ni muda mrefu kwa mtu aliyezoea kutoka. Shangazi alikuwa mtu wa harusi. Wanawake waligombania kukaa mkeka mmoja naye kwa ajili ya maneno yake, na waliorudi nyumbani waliyarudia kwa waume zao, wakayaharibu. Sasa alikuwa ndani, leso nyeupe kichwani, hana wanja wala udi, havuki kizingiti, na mwanamume asiye maharimu wake haingii. Wiki za kwanza hakusema kitu. Nikimuuliza atakula nini, hujibu, "Chochote, babangu," kana kwamba anajibu kwa niaba ya mtu mwingine.

Kila Ijumaa alasiri walikuja wifi zake kutoka Likoni, dada watatu wa marehemu. Walisoma Yasini, wakanywa chai, wakaondoka kabla ya magharibi. Yule mkubwa alikuwa mwanamke mrefu asiye na haraka. Akifika humshika shangazi mkono, na mkono ule hauachi mpaka wakati wa kwenda. Shangazi alilia kila Ijumaa. Akichoka kulia, alitazama ukuta.

Asubuhi nilijifungia chumba cha mbele nikarekodi. Siku hizi mchapishaji hukuuliza kwanza una wafuasi wangapi, kisha ndipo akuulize kitabu kinasemaje. Kwa hiyo nilisoma kurasa za riwaya yangu mbele ya simu, dakika moja moja, nikazirusha mtandaoni. Changamwe si mahali pa kurekodia. Ndege hushuka juu ya paa, matrela ya bandarini hupiga honi tangu alfajiri, na sentensi niliyoipenda sana niliisoma mara saba kabla ya kuipata safi.

Sentensi yenyewe ilikuwa juu ya bahari. "Bahari inapumua kama mgonjwa aliyesahauliwa na wauguzi wake," nilisoma, mara ya nane, nikakaa kidogo ili maneno yatue.

Sauti ikatoka jikoni.

"Kama yaumwa, ipeleke Port Reitz! Hospitali i hapo, hata nauli huhitaji. Kisha uje unikunie nazi."

Nilicheka kwa nguvu. Kisha nikamsikia na yeye akicheka, kicheko kifupi chenye kutu, cha kwanza tangu mazishi. Baada yake kukawa kimya. Kilikuwa kirefu mno, nikaondoka kwenda kumtazama. Nilimkuta amekaa juu ya mbuzi ya kukunia, kipande cha nazi mkononi, anatazama bomba la maji ambalo halikuwa likitoa maji. Hakuwa akilia. Alikuwa kama mtu aliyejikuta amesimama mahali asipokumbuka amefikaje. Nikampokea nazi, nikaikuna.

Niliporudi chumba cha mbele simu bado ilikuwa ikirekodi.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nikifikiri nini, na jibu la kweli ni kwamba nilikuwa nikifikiri juu ya urefu wa video. Mtazamaji hana subira. Kimya cha sekunde tatu kinamfanya apitishe kidole aende kwa mwingine. Nikaibakisha bahari, nikabakisha utani, nikabakisha vicheko vyetu viwili, na pale kicheko chake kilipoisha nikakata. Sura yake haikuwemo. Nilijiona mwangalifu, hata mwenye heshima. Sauti si sura, nilijiambia, na jina lake halikutajwa.

Kufikia adhuhuri video ilikuwa imeangaliwa na watu wengi kuliko wote waliowahi kunisoma maishani. Nairobi walicheka, Dodoma walicheka, mtu mmoja Muscat aliandika kwamba ameisikia Mombasa yake. Maoni yalikuja kwa mafungu: shangazi apewe kiti, shangazi aandike riwaya, wewe kijana soma polepole shangazi akusikie vizuri. Wafuasi wakapanda usiku kucha kama maji kwenye kisima cha masika.

Hapo nikaanza kazi. Naiita kazi kwa sababu ilikuwa na ufundi. Nilichagua sentensi zangu mbovu zaidi, nikazisoma kwa sauti kubwa na mlango nimeuacha wazi. "Mapenzi ni mwiba," nilisoma, na kutoka jikoni: "Waujua mwiba wewe? Wa samaki changu hukuutoa mwenyewe juzi, nimekutolea mimi!" Nilijifanya sijui kuchambua mchele. Niliuliza kama wali hutiwa tui kabla au baada ya maji. "Yarabi," alisema, "huyu nikifa atakula karatasi." Kila utani ulifuatwa na kimya chake, na kila kimya nilikikata. Nilifika mahali ambapo nilijua kwa sikio, bila kutazama mchoro wa sauti, wapi hasa kicheko kinaishia na kimya kinaanzia. Mara nyingine ndani ya kimya hicho alivuta pumzi na kulitaja jina la mumewe, chini chini, kama mtu anayeuliza ufunguo uko wapi. Hayo pia nilikata.

Nilialikwa kwenye kikao cha waandishi Nyali, kwenye mkahawa wenye mimea mingi. Niliambiwa nitasoma. Nilisoma kurasa nne, na watu walinisikiliza kwa uso wa kungoja. Nilipomaliza, mtu wa kwanza aliyenyoosha mkono aliuliza, "Shangazi hajambo?" Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka nao. Nikarudi Changamwe nimefurahi. Sikuwa nimeona ubaya wowote. Ndiyo kwanza nilikuwa na ukumbi.

Ijumaa iliyofuata wifi hawakuja.

Shangazi alikuwa ametandika mkeka na kupika kaimati. Zilipoa. "Labda feri ya Likoni imekwama," alisema. Ijumaa ya pili hawakuja tena. Alimpigia simu yule mkubwa, akaniambia amejibiwa kwa adabu kwamba miguu yamuuma. "Miguu sita?" aliniuliza. Sikurekodi hilo, ingawa nilitaka.

Aliyeleta habari alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mama mnene mwenye roho nzuri, ambaye kwa siku nyingi alidhani shangazi anajua. Niliitwa chumba cha ndani. Simu ya jirani ilikuwa juu ya mkeka, inacheza video zangu moja baada ya nyingine, na shangazi ameinamisha kichwa kuisikiliza.

"Huyu ni mimi?" aliuliza.

"Ndiye wewe, shangazi."

"Nacheka."

"Ndiyo."

"Na kisha nacheka tena. Nacheka kutwa." Akaisikiliza nyingine. "Wamesikia wangapi?"

Nikamwambia. Jirani akasema "Laa ilaha illallah," akajifunika mdomo kwa mtandio.

"Wanaume pia?"

"Pia."

"Likoni pia?"

Aliizima simu mwenyewe, baada ya kubonyeza mara mbili mahali pasipo penyewe, akamrudishia jirani.

"Babangu," aliniambia, "kwetu mwanamke akitoka eda huogeshwa na wifi zake. Wao ndio wenye maiti. Wao ndio husema, sasa basi, umemlilia ndugu yetu, toka. Zimebaki siku kumi na tisa. Wifi yangu asipokuja, mimi nitatolewa na nani? Nitatoka mwenyewe kama kuku?"

Nilisema nitazifuta zote. Nikazifuta mbele yake. Lakini zilikuwa zimeshachukuliwa na watu wengine, zimetiwa muziki, zimewekwa juu ya picha za paka, na wafuasi wangu waliniandikia kwa hasira wakiuliza shangazi nimemficha wapi. Wengine walisema ni wivu. Sikuwajibu. Waliondoka kwa kasi ileile waliyokuja nayo, na nakiri kwamba niliwahesabu wakiondoka.

Kuanzia siku hiyo alipotaka kuniambia jambo aliuliza kwanza, "Imezimwa?" Nikamwonyesha. Nikaanza kuiacha juu ya kabati la vyombo kabla ya kuingia aliko, naye bado aliuliza. Kisha akaacha kuuliza, akaacha na kusema. "Chumvi." "Maji." "Ahsante." Nyumba ikawa na adabu. Niliandika kurasa nyingi za riwaya siku zile, na zote zilikuwa safi, na zote nilizitupa baadaye.

Ilipobaki wiki moja nilivuka kwenda Likoni. Wifi mkubwa alikuwa amekaa mlangoni kwake akishona kofia, sindano ikiingia na kutoka kwenye tundu ndogo ndogo bila yeye kutazama sana.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja na simu?"

"Nimeiacha nyumbani."

"Maskini. Basi leo tutazungumza na nani atusikie?"

Nilikaa chini. Nilimwambia kwamba shangazi hakujua. Kwamba ni mimi niliyerekodi na mimi niliyerusha, na kwamba yeye hakuwa akizungumza na watu, alikuwa akizungumza na mimi, na nazi, na sufuria. Aliendelea kushona.

"Mimi sikumkasirikia kucheka," alisema. "Ndugu yangu alimuoa kwa mdomo huohuo. Babetu alikataa, akasema mwanamke huyu ana maneno, na ndugu yangu akasema hayo maneno ndiyo niyatakayo. Mimi lililoniuma ni kwamba nilikuwa nikija kwake Ijumaa, yuwalia, yuwatazama ukuta, nami narudi na kilio chake nalala nacho. Kisha mjukuu wangu anishikisha simu, namsikia kumbe siku za kati awachekesha watu wa bara. Nikasema, kumbe kile kilio ni cha kutupokelea sisi wageni."

"Si hivyo."

"Si hivyo vipi? Masikio nnayo."

"Nilikata," nilisema.

"Ulikata nini?"

"Pale anaponyamaza. Kila akicheka hunyamaza baadaye. Hunyamaza sana. Humtaja. Nilikuwa nakata pale ili video iwe fupi."

Sindano ilisimama. Alinitazama kwa muda, si kwa chuki. Zaidi kama mtu anayetazama kifaa asichojua kinafanya kazi gani.

"Humtajaje?"

"Kwa jina. Kana kwamba yuko chumba cha pili."

Aliitazama kofia aliyokuwa akiishona. Alikosea tundu moja, akaifumua, akaishona tena. Kisha akaniambia niende nikamwambie shangazi yangu kwamba amesikia. Nilimwuliza kama atakuja. "Nimekwambia nimesikia," alisema. Nilijua kutokana na mama yangu mwenyewe kwamba neno hilo si ahadi.

Nilimfikishia shangazi kama nilivyopewa. Alitikisa kichwa. "Chumvi," alisema, nikampa chumvi.

Siku ya kutoka ilikuwa Jumamosi. Jamaa na majirani walianza kuingia saa mbili asubuhi, wakiwa na vyetezo na maandazi, na mimi nikawekwa nje kwenye ngazi, karibu na pipa la maji niliyoyapasha kwa kuni. Saa tatu. Saa nne. Maji nikayapasha tena. Mazungumzo ya ndani yalianza kuwa mafupi. Kupitia dirishani nilimsikia jirani akisema, kwa upole, "Basi tumuogeshe sisi. Jua lapanda, na sote hapa ni ndugu zake."

"Sioshwi," shangazi alisema.

"Lakini, dada..."

"Nimesema sioshwi. Nitakaa eda nyingine."

Hakuna aliyecheka. Nadhani hakuna aliyejua kama ulikuwa utani, na mimi, niliyeujua ufundi ule wote, sikujua pia.

Ilikaribia saa tano tuktuk iliposimama. Wakateremka watatu, wale dada, wenye kikapu cha leso mpya na pakiti ya udi. Yule mkubwa aliteremka wa mwisho, akiwa ameshika goti. Alipofika kwenye ngazi alisimama mbele yangu.

"Maji yako moto, au nayo umeyarusha?"

"Yako moto, mama."

"Yalete mlangoni."

Nikayapeleka mpaka kizingitini, wakayapokea, mlango ukafungwa. Kwanza hakukusikika kitu. Kisha kilio, cha wanawake wengi pamoja, kisha maji yakimwagika juu ya sakafu, kisha dua. Harufu ya udi ikatoka chini ya mlango. Baada ya muda mrefu nikamsikia shangazi akianza kusema, sauti ile kamili, akimwambia wifi yake jambo kuhusu miguu sita, na nikajua kwa sikio, kabla hajafika, kwamba yuko karibu kufika mahali pa kuchekesha.

Nikaondoka kwenye ngazi. Nilishuka njia ya mchanga, nikapita duka la kona, nikapita msikiti, na vicheko vya kwanza bado vilinifikia. Niliendelea mpaka karakana ya matairi iliyo kando ya barabara kuu, ambako mashine ya kujaza upepo hunguruma kutwa na sauti ya nyumba ile haifiki, na hapo nikaomba tairi kuukuu, nikalikalia.