Gumba Lililo Juu

Mwenye kibanda cha kuchaji simu bandarini Kindu ana sauti ya kubembelezea mtoto mchanga. Akishachomeka simu yako, anakupima tabia. Anadai ni sayansi ya Wazungu, kaiona kwenye mtandao. "Pishanisha vidole, papa." Anatazama gumba lililokaa juu, analigusa taratibu kwa ukucha wake mrefu, kisha anatamka: "Uko mutulivu, lakini iko kitu unaficha." Mteja anashtuka, halafu anacheka na kukubali: "Njo mimi kabisa!" Hata mimi nilisema hivyo, na kwa kujivunia.

Jana Bénie, jirani yangu anayesomea ualimu, alimtega. Alipishanisha vidole, akaambiwa maneno yale. Akavibadilisha, gumba la kushoto likaja juu. Akaambiwa yale yale. "Sasa hii sayansi gani? Nani hana kitu anaficha?" Tulicheka mpaka wapagazi wakageuka. Mwenye kibanda alitabasamu tu, akaupangusa ukucha kwa kitambaa.

Mama Adèle, muuza mchele tuliyekuja naye, hakucheka. Mikono yake ilikuwa imefichwa ndani ya kitenge tangu tulipofika. Tulipokuwa tukipanda njia ya kurudi nyumbani, ndipo aliposema. "Wakati ya vita, uyu wa simu alikuwa ku barière ya Kibombo, pale walikuwa wanasimamisha watu njiani, pamoja na basoda wa bunduki. Alishika vidole vya kaka yangu vile vile, akamuambia maneno ile ile. Kaka akashituka, sawa vile ninyi munashitukaka. Basoda wakasema kushituka vile inatosha, wakamupeleka mu pori."